Maji ya kutotoleshea kambamiti: yanatoka wapi, yanasafishwaje, na ununue nini Kariakoo

Tangu tulipoanza kuzungumzia ufugaji wa kambamiti katika kipindi chetu cha wakulima na wavuvi, ujumbe unaoingia mara nyingi kwenye simu ya studio ni wa namna hii: "Tuna kikundi, tuna eneo karibu na bahari, na mkopo wa halmashauri uko njiani. Tunataka kutotolesha vifaranga wenyewe. Tukienda Kariakoo tununue nini?"

Swali ni zuri, ila linaanzia dukani, na kazi yenyewe inaanzia kwenye maji. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, ili uyahifadhi kwenye simu na kuyasoma pamoja na wenzako kabla fedha ya kikundi haijatoka benki.

Jibu fupi ni hili. Maji ya bahari unayoyaona masafi yamejaa vijidudu vinavyoua watoto wa kambamiti, kwa hiyo lazima yatiwe dawa. Dawa hiyo nayo inaua watoto wa kambamiti. Kwa hiyo unaua vijidudu kwanza, kisha unaiondoa dawa yote kabla kifaranga mmoja hajaingia majini. Vikundi vingi hujua nusu ya kwanza, na hasara hutokea kwenye nusu ya pili.

Kituo cha kutotoleshea ni nini?

Ni mahali ambapo kambamiti wazazi hutaga mayai, mayai yanaanguliwa, na watoto wanalelewa kwenye matangi mpaka wafikie umri wa kupelekwa bwawani. Mfugaji wa bwawa anategemea vifaranga hao, la sivyo itabidi wakokotwe kwa nyavu kwenye mikoko, jambo linaloua watoto wa samaki wa aina nyingine nyingi.

Anayefugwa sana katika mwambao wetu ni kambamiti mkubwa mwenye milia, ambaye wataalamu humwita Penaeus monodon. Jike mmoja aliyekomaa anaweza kutaga mayai laki kadhaa kwa usiku mmoja. Mayai huanguliwa baada ya saa 12 hadi 15 hivi. Kinachotoka hakifanani na kambamiti hata kidogo: ni kidudu kidogo kuliko nukta ya kalamu, kisichokula kwa siku mbili za mwanzo. Baadaye hupita hatua ya zoea, ambapo hula mimea midogo sana ya majini, kisha hatua ya maisisi, na mwisho huanza kuwa na umbo la kambamiti. Tangu yai mpaka kifaranga wa kuuzwa ni kama wiki nne.

Katika wiki hizo nne kifaranga anakula, anapumua na kujichafua ndani ya maji yaleyale. Akiwa mdogo kiasi hicho, ngozi yake ni laini na hana kinga. Kosa dogo kwenye maji linaweza kumaliza tangi zima kwa usiku mmoja.

Maji yanayofaa yakoje?

Kwa kambamiti mwenye milia, vipimo vinavyotafutwa ni hivi:

- Chumvi: gramu 28 hadi 35 kwa kila lita. Maji ya bahari kuu yana gramu 35 hivi.
- Joto: nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Miezi ya kipupwe maji hupoa, na vifaranga huchelewa kukua.
- pH, yaani ukali au uchachu wa maji: 7.8 hadi 8.4.
- Klorini: isiwepo kabisa.
- Hewa: ipulizwe usiku na mchana bila kukatika.

Kuna pia kambamiti wa maji baridi, wanaokulia mitoni na mabwawani. Hao nao watoto wao huhitaji maji yenye chumvi kidogo, kama gramu 12 kwa lita. Kwa hiyo hata ukichagua aina hiyo, suala la kupata maji ya chumvi halikuepuki.

Kwa nini usichote maji katikati ya jiji?

Msikilizaji mmoja alituuliza kwa nini kituo kisijengwe mjini Dar es Salaam penyewe, karibu na soko la samaki la Feri na maduka ya Kariakoo. Soko lipo, umeme upo, na bahari iko pale.

Tatizo ni kinachoingia kwenye bahari hiyo. Mto Msimbazi unapita kwenye makazi mengi, unashuka bonde la Jangwani karibu kabisa na Kariakoo, na kumwaga maji yake baharini kwenye eneo la daraja la Salenda. Mvua za masika zikinyesha, mto huo hubeba taka, matope na maji ya vyoo. Kuna majitaka ya mjini yaliyokuwa yakipelekwa baharini kwa bomba upande wa Ocean Road. Kuna bandari na mafuta ya vyombo. Hata visima vya katikati ya jiji vina shida zake: vingi vina chumvi, na maji ya ardhini yamechanganyika na yale ya mashimo ya vyoo.

Kwa hiyo nenda Kariakoo kwa ajili ya vifaa, na maji yatafute penye bahari safi, mbali na mdomo wa mto, mbali na bandari na mbali na mashamba yanayopulizia dawa. Taasisi za uvuvi zenyewe ziliwekwa nje ya katikati ya jiji: Kunduchi iko Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na pia kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya masomo ya viumbe vya majini. Mbegani, Bagamoyo, kuna chuo cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Shamba la kibiashara la kambamiti la kampuni ya Alphakrust lilianzishwa mbali zaidi, kisiwani Mafia.

Kuvuta maji kutoka baharini

Wavuvi wetu wanajua bamvua na maji mafu kuliko kitabu chochote. Elimu hiyo itumieni. Vuteni maji wakati bahari imejaa, kwa sababu maji ya kujaa yanatoka nje, baharini. Maji yanapotoka kuelekea kupwa, hubeba uchafu wa mikoko na mito.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuweka mdomo wa bomba moja kwa moja majini, ukiwa umeinuliwa usiguse mchanga, na kufunikwa na wavu. Ya pili ni kufukia bomba lenye matundu ndani ya mchanga wa ufukweni, ili mchanga wenyewe uwe chujio la kwanza. Njia hii ya pili hutoa maji meupe zaidi, lakini yanaweza kuwa na hewa kidogo na wakati mwingine madini ya chuma. Yapulizwe hewa na kupimwa kabla ya kutumika.

Mvua kubwa ikinyesha, pima chumvi kabla ya kuwasha pampu. Kipima chumvi kidogo cha mkononi, kile cha kuweka tone moja la maji na kuchungulia kwenye mwanga, kinatosha. Chumvi ikiwa imeshuka chini ya gramu 28, subiri. Ndiyo maana kituo kinahitaji akiba ya maji wakati wa masika na vuli.

Foleni ya siku nne

Maji yakishafika kituoni hayaendi kwa vifaranga siku hiyohiyo. Yanapanga foleni.

*Siku ya kwanza: kutua.* Jaza tangi la kwanza, funika, usiliguse. Matope na uchafu vizame chini. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, kisha wanashangaa dawa haifanyi kazi. Klorini ikikutana na matope inaishia kupambana na matope, na vijidudu vinabaki.

*Siku ya pili: kuchuja na kuua.* Pitisha maji ya juu, bila kutibua yaliyozama, kwenye chujio la mchanga. Chujio hili mnaweza kulitengeneza wenyewe kwa pipa la plastiki: kokoto chini, mchanga mnene katikati, mchanga laini juu. Baada ya hapo yapite kwenye mfuko wa kuchujia wenye matundu madogo sana. Kisha weka klorini, gramu 10 hadi 20 za klorini halisi kwa kila lita 1,000. Koroga, funika, acha saa 12 hadi 24.

*Siku ya tatu: kupuliza hewa.* Fungua tangi, puliza hewa kwa nguvu mchana na usiku. Hewa na jua huifukuza klorini taratibu.

*Siku ya nne: kupima na kumalizia.* Pima klorini kwa matone. Ikiwa ipo bado, weka dawa ya kuiondoa, iitwayo sodiamu thayosulfeti. Puliza hewa tena kwa saa kadhaa, pima tena. Vituo vingi huongeza pia gramu 5 hadi 10 za EDTA kwa lita 1,000, dawa inayoshika madini kama shaba na risasi yasiwadhuru vifaranga. Yakiwa tayari, maji yapite kwenye chujio laini la mwisho yanapoingia tangi la vifaranga. Wenye uwezo huweka na taa ya UV hapo.

Foleni hii ndiyo inayoamua idadi ya matangi. Tuseme matangi ya vifaranga yanachukua jumla ya lita 10,000. Vifaranga wakishaanza kula, maji yao hubadilishwa kwa asilimia 30 hadi 50 kwa siku, yaani lita 3,000 hadi 5,000. Kwa kuwa kila tone linakaa kwenye foleni siku nne, mnahitaji matangi manne ya lita 5,000: moja linatua, moja lina klorini, moja linapulizwa hewa, na moja liko tayari. Kikundi kinachonunua matangi ya vifaranga peke yake na tangi moja la maji kimejenga nusu ya kituo.

Hesabu ya dawa, pole pole

Hapa tunaomba mchukue kalamu.

Klorini ya unga haina klorini tupu. Kwenye ndoo yake imeandikwa asilimia, mara nyingi 65 au 70. Kanuni ni hii: gramu unazotaka, gawanya kwa hiyo asilimia.

Mfano: tangi la lita 5,000, unataka gramu 10 za klorini halisi kwa kila lita 1,000. Hiyo ni gramu 50. Unga wako ni wa asilimia 65. Hamsini gawanya kwa 0.65 ni gramu 77. Ukitaka kiwango cha gramu 20, utahitaji gramu 154. Tumieni mizani ndogo ya kidijitali. Kijiko hakipimi, na "kofia ya chupa" haipimi.

Sasa kuiondoa. Kwa kawaida hutumika gramu 7 za sodiamu thayosulfeti kwa kila gramu 1 ya klorini iliyobaki. Mfano: siku ya nne kipimo kinaonyesha bado kuna gramu 1 kwa lita 1,000. Kwenye tangi la lita 5,000 hiyo ni gramu 5. Tano mara saba ni gramu 35 za sodiamu thayosulfeti.

Usiweke dawa hii ya kuondoa siku ileile uliyoweka klorini ili kuokoa muda. Utakuwa umemwaga fedha mara mbili, na vijidudu vitabaki hai.

Na usalama: vaeni glavu na miwani. Siku zote unga uingie kwenye maji. Usimimine maji juu ya unga. Klorini isichanganywe na asidi, mafuta wala sabuni, na isihifadhiwe chumba kimoja na dizeli ya jenereta. Watoto wasiingie stoo.

Jaribio la ndoo

Kipimo cha matone kinasaidia, lakini macho ya binadamu yanaweza kudanganywa na rangi hafifu. Kwa hiyo kuna kinga ya mwisho ambayo haina gharama. Chota ndoo moja ya maji yaliyo tayari, weka jiwe la hewa, tia vifaranga 20 au 30, walaze humo usiku mmoja. Asubuhi wakiwa hai na wanaogelea, tangi lote liko salama kwa kiasi kikubwa. Wakiwa wamelala chini, umepoteza vifaranga 30, lakini umeokoa laki nzima.

Maji ya bomba na ya kisima

Kituo kinahitaji pia maji yasiyo na chumvi, kwa kusafishia vifaa, kusuuza pampu, na kupunguza chumvi inapozidi wakati wa kiangazi.

Maji ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka kwa wingi kwenye mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya bomba yafike kwa mtumiaji yakiwa bado na klorini kidogo, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kwa binadamu hiyo ni kinga. Kwa kifaranga wa kambamiti ni sumu.

Tulipokwenda Kariakoo kwa ajili ya makala haya tulinunua kipimo cha maji ya bwawa la kuogelea, na jioni tukajaribu maji ya bomba ya nyumba ya wageni tuliyolala. Matone mawili matatu, maji yakageuka njano. Hayakuwa na harufu wala ladha, na tulikuwa tumeyanywa tangu mchana. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mtu anaweza kujaza tangi kwa maji ya bomba akiamini ni masafi kuliko yote, na kesho yake akakuta tangi kimya.

Maji ya bomba yapulizwe hewa siku moja au mbili, yapimwe, na yatiwe sodiamu thayosulfeti kama klorini bado ipo. Pia msitegemee chanzo kimoja. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipungua sana na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Kituo kisicho na akiba kingesimama.

Kama mko mbali na bahari

Wasikilizaji wa bara mmeuliza sana. Wenzetu wa Thailand walilitatua hilo zamani. Katika mkoa wa Chachoengsao familia zilianzisha vituo vidogo uani, mbali kidogo na bahari. Maji ya chumvi nyingi yaliletwa kwa malori kutoka mashamba ya chumvi, kisha yakazimuliwa kwa maji baridi. Faida yake ni kwamba vijidudu vingi vya bahari havivumilii chumvi kali kiasi hicho.

Mwambao wetu una mashamba ya chumvi, Bagamoyo, Lindi, Mtwara na kwingineko. Maji ya shamba la chumvi yenye gramu 120 kwa lita, ukichanganya ndoo moja na ndoo tatu za maji baridi, unapata gramu 30. Kwa lita 5,000 za maji ya kituo ni lita 1,250 tu za kubeba. Boza linalobeba lisiwe lilibeba mafuta au kemikali, na maji yapite foleni ileile ya siku nne.

Ila msijaribu kuyeyusha chumvi ya dukani kwenye maji ya bomba. Bahari ina magnesi, kalsiamu, potasiamu na mengine mengi ambayo pakiti ya chumvi ya kupikia haina. Maji hayo yatakuwa na ladha ya bahari, na kifaranga hataishi humo.

Kariakoo: nini cha kununua, nini cha kuacha

Vifaa vya maji vimejaa kwenye maduka ya mabomba na vya ujenzi Kariakoo na upande wa Gerezani. Bei hatuandiki hapa, kwa sababu hubadilika, na inategemea umeulizaje. Tunaandika kile cha kuangalia.

*Koki na viungo.* Chukueni vya plastiki. Dukani tulionyeshwa koki ya shaba nyekundu ikimeremeta. "Hii ndiyo imara, bosi wangu, hiyo ya plastiki utarudi hapa mwezi ujao." Kwa nyumba ya kuishi muuzaji alikuwa sahihi. Kwa kituo chetu, shaba huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi, na shaba kidogo tu inaua vifaranga. Bomba la mabati nalo vivyo hivyo, kwa sababu ya zinki. Mweleze muuzaji mapema kwamba ni kwa ajili ya viumbe wa maji ya chumvi.

*Pampu.* Pampu ya kawaida ya kisima italiwa na kutu haraka. Ulizeni pampu ambayo sehemu zinazogusa maji ni za plastiki au chuma kisichoshika kutu, na isuuzeni kwa maji baridi kila baada ya kazi.

*Matangi.* Ya plastiki yanafaa. Mapya yajazwe maji, yakae siku kadhaa, yamwagwe, yasuuzwe, ndipo yatumike. Mkijenga ya saruji, saruji mpya hupandisha pH, kwa hiyo yaloweshwe na kumwagwa mara kadhaa mpaka pH itulie.

*Klorini.* Nunueni ndoo iliyofungwa, yenye asilimia na tarehe. Unga unaopimwa kwenye mifuko ya nailoni huwezi kujua umekaa juani muda gani, na klorini hupoteza nguvu kwa joto na unyevu. Jiki yenye manukato au sabuni ya kung'arishia nguo isiingie kituoni kabisa.

*Sodiamu thayosulfeti, EDTA na kipimo cha matone.* Hivi hamtavipata kwa muuza mabomba. Ulizeni maduka ya kemikali za maabara na ya dawa za mabwawa ya kuogelea. Tunashauri mnunue dawa ya kuondoa klorini siku ileile mnayonunua klorini.

*Mashine ya hewa.* Nunueni mbili. Moja ikifa, nyingine iwake. Na muwe na jenereta au betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku, vifaranga hawasubiri asubuhi.

Jambo moja kuhusu Feri: kambamiti waliolala kwenye barafu ni kitoweo. Hawawezi kuwa wazazi. Wazazi lazima wapatikane hai, bila majeraha, na wawekwe peke yao kwanza wachunguzwe.

Dalili za maji mabaya

- Vifaranga wamezama chini wote mara tu baada ya kubadilisha maji: shuku klorini au shaba.
- Usiku taa zikizimwa, maji au vifaranga vinatoa mwanga: hao ni bakteria aina ya Vibrio. Tangi hilo litengwe, vyombo vyake visitumike kwingine.
- Maji yana povu lisilopasuka na harufu: chakula kimezidi, uchafu umeoza.
- Madoa meupe ndani ya gamba la wazazi: inaweza kuwa ugonjwa wa virusi vya madoa meupe. Msifanye ubishi, toeni taarifa kwa afisa uvuvi.

Ugonjwa huo wa mwisho si hadithi ya mbali. Mwaka 2011 uligundulika Msumbiji, jirani yetu kabisa, na mwaka 2012 Madagaska. Mashamba yaliyokuwa yakiuza nje yalipata pigo kubwa.

Maji yakitumika, yanakwenda wapi?

Maji yanayotoka kwenye kituo yana chakula, kinyesi, na pengine ugonjwa. Yakimwagwa karibu na bomba la kuvutia, kesho mtayavuta tena. Yakimwagwa kwenye mikoko, jirani anayetegemea kaa na dagaa ndiye atakayelipa. Yatieni klorini kwenye tangi la mwisho, yapulizwe hewa mpaka klorini iishe, ndipo yaachwe, mbali na mdomo wa kuvutia.

Suala hili limewahi kugawa watu nchini. Miaka ya 1990 mradi mkubwa sana wa kufuga kambamiti ulipendekezwa katika delta ya Rufiji. Wanavijiji na watetezi wa mazingira waliupinga, wakihofia mikoko na ardhi yao, na haukutekelezwa. Leo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi ya aina hii ichunguzwe athari zake, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 nayo ina masharti yake. Anzieni kwa afisa uvuvi wa wilaya, naye atawaeleza lini mnahitaji kufika NEMC.

Kabla fedha haijatoka

Tunawashauri kikao kimoja tu chenye maswali haya matano, na katibu aandike majibu:

1. Maji yetu tumeyapima chumvi wakati wa kiangazi na wakati wa mvua?
2. Tuna matangi ya kutosha foleni ya siku nne?
3. Nani kati yetu atapima klorini kila siku, na nani atashika zamu akiugua?
4. Umeme ukikatika saa nane usiku, nani anawasha jenereta?
5. Nani tayari amesema atanunua vifaranga wetu?

Jibu likikosekana kwa swali hata moja, mkopo usubiri. Tumeni watu wawili FETA Mbegani au TAFIRI Kunduchi wakaulize na kuona. Visiwani, kituo cha kuzalisha vifaranga vya baharini kilichoko Beit el Ras, Zanzibar, kilijengwa kwa ajili ya viumbe wengine kama mwatiko, kaa na jongoo bahari, lakini kazi ya kusafisha maji inafanana, na kuona kwa macho kunafundisha.

Mkishaanza, andikeni kila siku kwenye daftari: saa ya kuvuta maji, chumvi, joto, gramu za klorini, gramu za kuiondoa, matokeo ya ndoo. Siku vifaranga wakifa, daftari hilo ndilo litakalowaambia kosa liko wapi. Na siku wakipona, tutumieni ujumbe, tuwasomee wenzenu hewani vipimo mlivyotumia.